Dansi Isiyo na Trafiki

Shangazi alifika kwenye zoezi la kwanza la dansi akiwa amevaa glavu nyeupe.

Nusu ya kosa ilikuwa yangu. Mimi ndiye fundi wa taa na vipaza sauti katika ukumbi wa chuo, na mimi ndiye niliyebandika matangazo mjini, kwenye ukuta wa posta, mlango wa hospitali na geti la stendi. Moja nililipeleka nyumbani. Lilisema kwamba idara ya dansi, idara ya barabara na idara ya muziki zinawaalika watu wa mji, hasa wale wanaoijua njia panda, kushiriki katika onyesho la dansi ya papo kwa papo. Hakuna hatua za kukariri. Njoo na mwili wako.

Shangazi alilisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Hatimaye wamenikumbuka."

Alikuwa askari wa trafiki. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye njia panda kubwa iliyo chini ya hospitali, akiwapitisha wagonjwa, wanafunzi, malori na ng'ombe. Mwaka aliostaafu ndio mwaka zilipowekwa taa za barabarani. Akahamia kwetu, na kwa kuwa hakuwa tena na magari, akatuongoza sisi. Baba akitoka jikoni na sufuria ya moto anakuta kiganja cha dada yake kimeinuliwa kwenye korido: subiri, mtoto apite.

"Dada, hii ni nyumba, si barabara," Baba alikuwa akisema.

"Ndiyo maana mnagongana."

Jioni alisimama dirishani akizitazama zile taa tatu zilizomrithi, zikimruhusu mwenye haraka na asiye na haraka sawasawa. "Taa haina macho," alisema.

Basi alikuja ukumbini na glavu zake, filimbi shingoni, viatu vinang'aa hata ungeweza kujitazama meno. Washiriki walikuwa watu ishirini na wanne. Nusu ni wanafunzi, nusu ni watu wa mji: muuza magazeti, fundi viatu, wasukuma vitanda wawili wa hospitali, mwanamke anayeuza maua, na dereva mstaafu wa lori, mtu wa tumbo na kicheko, ambaye mji mzima unamwita Breki kwa sababu enzi zake hakujulikana kuzitumia.

Mwalimu wa dansi alisimama katikati, peku. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na husema polepole mpaka watu wanainama kumsikiliza. "Sheria ni moja," alisema. "Tembeeni. Kila mtu aende anakotaka. Ukikutana na mwenzako, mtajua la kufanya."

Watu wakaanza kutembea. Kijana wa idara ya muziki akaweka tarumbeta mdomoni, akawa anazisikiliza nyayo na kuzijibu. Hazikupita sekunde arobaini, filimbi ikalia.

Wote tulisimama. Mimi nilisimama juu ya ngazi, mkono kwenye taa. Mwalimu mwenyewe alisimama, mguu mmoja hewani. Tarumbeta ilikatika kama imezibwa na kitambaa. Shangazi alikuwa amekwisha kufika katikati ya ukumbi, mkono wa kushoto umenyooka, wa kulia unavuta watu wa upande wa dirisha: njoo, njoo, njoo. Akageuka kwa kisigino. Akawafunga hao, akawafungulia wa mlangoni. "Wewe wa shati la kijani! Huoni mwenzako anapita?"

Lazima niseme ukweli: lilikuwa jambo zuri kulitazama. Mgongo wake haukuwa na umri. Alikata hewa kama fundi cherehani anavyokata kitambaa kwa mkasi mkali, bila kurudia, na watu walikwenda alikotaka kabla hawajajua kwamba wanakwenda. Mhandisi, mhadhiri wa idara ya barabara, mtu mrefu asiyeachana na daftari lake, alikuwa anaandika hata ulimi umetoka nje.

Mwalimu alipiga makofi. "Shangazi," alisema, na tangu siku hiyo chuo kizima kikamwita hivyo, "umetupa kitu kikubwa. Watu wote hawa wamekutii kwa mkono mmoja. Lakini sasa anayecheza ni mmoja. Sisi wengine tumekuwa magari."

"Si mmesema mnataka mtu wa njia panda?"

"Tunataka njia panda yenyewe."

Breki hakuweza kujizuia. "Afande, samahani, leseni yangu nimeisahau nyumbani."

Shangazi akamgeukia taratibu. "Wewe nakujua. Lori la bluu. Taa ya nyuma ya kulia."

"Uliniweka juani saa mbili nzima!"

"Ukaitengeneza?"

"Niliitengeneza."

"Basi jua lilikusaidia."

Ukumbi ukaangua kicheko, na mpiga tarumbeta akakifuata kicheko kile kwa sauti za juu mpaka kikawa wimbo. Filimbi na glavu zikawekwa kwenye kizingiti cha dirisha. Ila mkono hauvuliwi ukawekwa dirishani.

Nieleze kidogo walichokuwa wakitafuta watu hawa watatu, maana hata mimi mwanzoni nilidhani wana wazimu wa pamoja. Mhandisi alikuwa na swali moja: kwa nini watu wa miguu, wakijaa mahali pasipo na mistari wala askari, hupita bila kuumizana? Alichora sakafu kwa chaki, akapima hatua na kuhesabu mabega. Kijana wa muziki alitaka kujua kama umati una mdundo kabla haujapewa ngoma. Mwalimu alitaka kuona miili ambayo haijafundishwa dansi ikiamua yenyewe, mbele ya watu. Kila mmoja aliamini wenzake wawili wanamsaidia kazi yake, na hakuna aliyewahi kumtoa mwenzake katika imani hiyo. Wakibishana ilikuwa raha. Mhandisi akisema "msongamano", Mwalimu anasema "kukumbatiana", na wote wanatazama mistari ileile ya chaki.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kupeana uzito. Unamwegemea mtu usiyemjua mgongo kwa mgongo, naye anakuegemea, mpaka hakuna anayejua nani amembeba nani. Muuza magazeti aliiweza siku ya kwanza. Wasukuma vitanda wa hospitali waliiweza kama waliozaliwa nayo. Shangazi alisimama wima kama mlingoti, na mwanafunzi aliyejaribu kumwegemea aliambiwa, "Binti, simama kwa miguu yako. Mungu amekupa miwili."

Siku ya tatu ya mazoezi ndipo mambo yalipoharibika. Msichana wa mwaka wa pili alikuwa anarudi kinyumenyume kwa kasi, na fundi viatu anamjia kwa nyuma. Mimi kutoka kwenye ngazi niliona kabisa kwamba fundi viatu amemwona na ameanza kugeuza bega. Shangazi aliona ajali. Mkono ukapaa. "Simama!"

Msichana akasimama ghafla. Fundi viatu, ambaye hesabu zake zote zilimtaka msichana aendelee, akamvaa. Waliokuwa nyuma wakawavaa wao. Msichana akaanguka na kupasuka mdomo, damu kidogo, machozi mengi.

"Kama ungewaacha," Mwalimu alisema baada ya kumfuta yule msichana, "wangepishana."

"Wangegongana!"

"Labda wangegusana. Mgongano huu umeuleta wewe, Shangazi." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Nakuheshimu kama mama yangu. Lakini ukisimamisha watu tena, nitakuomba ukakae kwenye viti. Na siku ya onyesho utatazama kutoka hapo hapo."

Shangazi akachukua mkoba wake. Tukashika njia ya nyumbani. Pale kwenye taa zake tulingoja, zikageuka, hakuzitazama hata kwa jicho la pembeni. Nyumbani alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mwanangu," alisema, "nikitolewa pale, kesho nitaamka niende wapi?"

Nikasema hatatolewa.

"Usinifariji kama mgonjwa. Miaka thelathini na moja, zamu yangu hakufa mtu. Unajua kwa nini? Sikuwahi kumwamini mtu yeyote. Si mwenye gari, si mwenye miguu, si mwenye baiskeli. Kila aliyekuja nilimhesabu kuwa hajaniona. Sasa yule mwalimu ananiambia niwaamini wote, kwa mara moja, na mikono iwe chini." Akaitazama mikono yake kama watu wawili waliomjia na habari mbaya. "Mazoea yana taabu."

Aliyemwinua kitandani pale hakuwa mimi. Alikuwa Breki. Alikuja kesho yake, hodi yake inasikika kabla hajafika mlangoni, akaketi sebuleni kwetu kwenye kiti cha Baba.

"Afande, nijibu moja. Katika nchi hii njia panda zenye askari ni nyingi, au zisizo na askari?"

"Zisizo na askari."

"Na mimi nimezipita usiku na mchana na tani ishirini mgongoni. Unafikiri nilipitaje?"

"Kwa bahati. Na kwa dua za mama yako."

"Mama aliomba, sikatai. Lakini nilipita kwa macho. Unamtazama mwenzako, naye anakutazama, mmoja anapunguza mwendo. Saa nyingine mnapunguza wote wawili, mnapungiana, hakuna anayeondoka, mnacheka. Nina marafiki wawili niliowapata hivyo." Akajifuta jasho. "Wewe, Afande, sisi hatukukutazama machoni. Tulitazama mkono."

Shangazi alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akasema, "Tumbo hilo uliliingizaje kwenye usukani?" Nikajua amemsikia.

Kuanzia hapo walikwenda sokoni kila asubuhi, wawili hao, wakati wa msongamano. Shangazi alifunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Kazi ilikuwa kuvuka soko kutoka upande wa samaki hadi upande wa nguo bila kumwelekeza mtu. Siku ya kwanza alimkemea mwenye mkokoteni. Siku ya pili alimkemea mwenye mkokoteni yuleyule, kwa sauti ya chini zaidi. Siku ya tatu mwenye mkokoteni alimwona kwa mbali, akasimama mwenyewe, akampigia saluti, na Breki akasema hiyo haihesabiki.

Zoezi la nne, ukumbini, alikuwa anatembea huku akimtazama kila mtu usoni kana kwamba anatafuta mwizi, na Breki alikuwa anajizungusha kwa namna yake, ambayo haina kona kali. Walionana. Kila mmoja akapunguza mwendo. Kila mmoja akaongeza tena kwa wakati uleule. Wakagongana kifua kwa kifua na kwenda chini kama magunia mawili.

Tarumbeta ilinyamaza. Mwalimu akainua kidole: msiwasogelee.

"Afande? Umeumia?"

"Nimekaa tu," sauti ya Shangazi ikatoka chini.

Halafu akacheka. Mimi nimekua mikononi mwa mwanamke huyu na sikuwahi kukisikia kicheko kile; kilikuwa cha msichana wa shule, chenye mikwaruzo. Alibaki amelala pale sakafuni. Wengine wakaendelea kutembea, wakimpitia pembeni, mmoja akimruka kwa mguu mwepesi. Yule msichana aliyepasuka mdomo, kidonda chake hakijapona vizuri, alikuja akaketi kando yake na kumwegemeza mgongo. Shangazi hakumwambia asimame kwa miguu yake.

Nisiwadanganye kwamba alibadilika siku hiyo. Zoezi la tano mkono uliinuka mara mbili hadi kifuani, ukarudi. La sita uliinuka mara moja. Mwalimu aliona yote. Na Shangazi alijua kwamba ameonwa.

Siku ya onyesho Mwalimu hakutaka ukumbi. Alitaka uwanja wa sakafu ya saruji ulio kati ya maktaba na bwalo la chakula, saa kumi kamili, kengele ya mwisho wa vipindi inapolia. Milango minne ya madarasa inafungukia pale. Wanafunzi wasiopungua mia tatu hupita uwanja ule kwa dakika tatu, kila mmoja na njaa yake. Hawakuambiwa chochote. Atakayeingia uwanjani ni mchezaji, apende asipende.

"Na wakitukanyaga?" muuza maua aliuliza.

"Ndicho nisichokijua," Mwalimu alisema, na macho yake yaling'aa kwa namna iliyonitisha.

Nilifunga vipaza sauti kwenye nguzo za maktaba na kukaa kwenye ngazi. Mhandisi alikaa kando yangu na daftari. Watu wa mji walikuja kutazama: wauguzi waliomaliza zamu, wake na waume wa washiriki, Baba amekunja mikono pembeni mwa ukuta kama mtu asiyehusika.

"Leo mkono wake utainuka," Mhandisi aliniambia, hakukusudia ubaya. "Mkono wa miaka thelathini, umati wa mia tatu. Hakuna mwili unaoweza kukataa."

"Tutaona," nikamjibu, nimeuma meno.

Walianza wakiwa ishirini na wanne, uwanja ni mweupe na jua limeinama. Shangazi alivaa gauni la kijivu la nyumbani. Alitembea mikono chini, akikutana na mtu anampitia kwa bega, akakutana na fundi viatu, wakaegemeana mgongo kwa mgongo, wakazunguka polepole kama mlango mzito. Wauguzi walipiga vigelegele. Tarumbeta ilikuwa inacheza chini kabisa, sauti ya mtu anayeongea peke yake jikoni.

Kengele ikalia.

Milango minne ikafunguka kwa mpigo. Mimi naijua kelele ile kila siku, lakini siku hiyo niliisikia kwa masikio ya Shangazi: viatu mia sita, mabegi, vicheko, mtu anamwita mtu, wote wanakuja kwake kutoka pande nne. Waliofika mbele waliona watu wazima wanazunguka bila sababu, wakasita. Wa nyuma wakawasukuma. Umati ukavimba mithili ya maziwa yanayotaka kumwagika. Katikati yake, mwanamke wa miaka sitini na moja.

Mkono ukapaa.

Ulinyooka mpaka juu, kiganja wazi, vidole vimebana. Nilimsikia Mhandisi akivuta pumzi, kalamu ikigusa karatasi. Nilimwona Mwalimu, ng'ambo ya uwanja, ameweka mkono mdomoni. Baba alikunjua mikono yake.

Kijana wa mbele kabisa, mwembamba, begi la kifuani, alikiona kiganja kile kimeinuliwa mbele yake. Hakumjua mwenye kiganja. Hakujua kama aliwahi kuwa askari. Alichoona ni mama mtu mzima amemnyooshea mkono katikati ya watu, naye akafanya kile ambacho kijana yeyote mwenye furaha ya kutoka darasani angefanya.

"Gonga, Mama!" Akakipiga kiganja, pa! na kupita.

Shangazi alipepesuka. Akamtazama akienda. Kabla hajaushusha mkono, mwingine akafika: pa! Na mwingine. Wasichana watatu walioshikana, pa, pa, pa. Wakawa wanapinda njia ili waupate. Umati uliokuwa umevimba ukajikunja kumzunguka, ukafunguka upande wa pili, ukatiririka kuelekea bwalo, na kila anayepita anagonga. Mpiga tarumbeta aliyakamata makofi yale na kuyapandia mgongoni. Wanafunzi wakaanza kugongeana wenyewe kwa wenyewe, kisha na fundi viatu, na Breki ambaye alikuwa ameinua mikono yote miwili na kupiga kelele za honi. Shangazi akaanza kuzunguka kwa kisigino, mkono uko juu, safari hii hakumfungia mtu wala kumfungulia. Kila pigo lilimsukuma kidogo, naye akaenda lilikomsukuma. Nikaona gauni la kijivu likihama, hatua mbili huku, tano kule. Kisha nikaona mkono peke yake juu ya vichwa. Kisha mikono ikawa mingi, na sikuweza kujua upi ni wake.

Mwanamke ambaye kazi yake yote ilikuwa kuonekana na kila mtu alikuwa ndani ya watu, na mimi, mwana wa kaka yake, nikimtafuta kwa macho na kumkosa.

Dakika tatu zikapita. Uwanja ukapungua. Makofi ya wauguzi yalianza, na Baba alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

"Ameinua," Mhandisi alimwambia Mwalimu alipotufikia akihema.

"Ameinua," Mwalimu akakubali. "Nani amesimama?"

Mhandisi alilitazama daftari lake. Alifungua ukurasa wa nyuma, akarudi wa mbele. Kisha akalifunga na kuliweka mfukoni, na tangu nimfahamu sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Shangazi alitokea upande wa bwalo, kitambaa cha kichwa kimelegea, kiganja chekundu, anachechemea kwa mguu mmoja wenye kiatu na mwingine mtupu. Alikuja moja kwa moja kwa Mwalimu na kusimama mbele yake, kama askari anayengoja amri.

"Zoezi la Jumatatu ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tisa," Mwalimu alisema. "Usichelewe."

Shangazi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Halafu akatazama chini, akasema kwa ukali wake wa siku zote, "Sasa nani amenikanyagia kiatu?"

Kwanza aliinama Breki, kwa shida. Halafu muuza magazeti. Halafu wanafunzi waliokuwa wanatoka bwaloni na sahani mikononi, wakauliza kinatafutwa nini, wakainama nao. Watu wapatao thelathini walitawanyika uwanjani, wamejikunja, wanapishana bila kutazamana, mmoja akipiga magoti mwingine anampitia juu. Mpiga tarumbeta alikuwa ameanza kuipangusa tarumbeta yake. Akasita, akairudisha mdomoni. Shangazi hakumwonyesha mtu pa kutafuta. Aliingia mwenyewe katikati yao, anarukaruka kwa mguu mmoja.

Kiatu kilipatikana kwenye mtaro, karibu na mlango wa maktaba, kimebonyea, na alama ya soli ya mtu mwingine juu yake.